Mke wa Aliyekwenda Kariakoo

Mwanamke aliyefiwa na mume tunamwita mjane. Mwanamume aliyefiwa na mke ni mgane, ingawa vijana wengi wa leo hawalijui neno hilo. Aliyeachwa ni mtalaka. Lakini yuko mwanamke mwingine, ambaye mumewe alitoka nyumbani asubuhi akiwa mzima, akateremka vilima hadi Voi pamoja na wenzake, na hakuna aliyerudi kueleza alifia wapi. Huyo Kiswahili hakikumpa jina. Si mke, kwa kuwa hana mume. Si mjane, kwa kuwa hakuna maiti, kaburi wala siku ya matanga. Wapo wanawake wa Taita walioishi katika hali hiyo tangu 1914 mpaka walipozikwa wenyewe, na sura hii ni yao.

Ukitoka Wundanyi ukiteremka kuelekea Kishushe, baridi ya vilima inakuacha njiani. Migomba inapungua, migunga inashika nafasi yake, na mbele yako nyika inafunguka hadi Tsavo Magharibi. Udongo ni mwekundu. Chini yake kuna chuma, na siku hizi Kishushe ikitajwa kwenye habari ni kwa ajili ya chuma hicho, au kwa ajili ya ndovu waliotoka mbugani na kumaliza mahindi ya mtu usiku mmoja. Ni vigumu kuitazama nyika hii tulivu na kuamini kwamba mahali hapa, pembeni mwa vilima vya Taita, palikuwa mpaka wa vita kati ya Waingereza na Wajerumani.

Mnamo Agosti 1914 Wajerumani waliingia Taveta na kuishika. Doria zao zilikata nyika kwa miguu, usiku, kutoka upande wa Kilimanjaro, zikatega baruti kwenye reli ya Uganda. Waingereza wakajibu kwa kujenga reli mpya ya kijeshi kutoka Voi kuelekea Maktau na Taveta, na Voi, ambayo ilikuwa stesheni ndogo tu, ikawa mlango wa jeshi zima. Februari 12, 1916 vikosi vya Afrika Kusini vilishambulia kilima cha Salaita vikarudishwa nyuma. Mwezi uliofuata njia ya Kilimanjaro ilifunguka, na vita vikaingia ndani ya nchi ambayo leo ni Tanzania. Hapo ndipo msiba wenyewe ulipoanza, kwa sababu kadiri jeshi lilivyosonga kusini ndivyo lilivyoiacha reli nyuma. Mbung'o waliua farasi na nyumbu. Magari yalizama kwenye matope ya mvua. Ikabaki mabega ya watu.

Wapagazi hao waliandikishwa katika Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Soko la Dar es Salaam na mtaa wa Nairobi bado vinaitwa hivyo, na watu wanakwenda kununua nyanya na vitambaa mahali ambapo wapagazi walilala. Katika miaka ile minne Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja kutoka pande zote za Afrika Mashariki na Kati. Vifo vilivyoandikwa rasmi ni zaidi ya 40,000. Mwanahistoria Geoffrey Hodges, aliyeyapekua makaratasi hayo kwa miaka mingi, alikadiria kuwa waliokufa wanakaribia 100,000. Risasi ziliwaua wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, nimonia, na unga wa mahindi ambao mtu alipewa bila muda wa kuupika ukaiva. Mshahara wa mpagazi wa kulazimishwa ulikuwa kama rupia 5 kwa mwezi. Daktari akimkagua na kumwona mgonjwa, alirudishwa kwao. Kwa hiyo waliochukuliwa ni vijana wenye afya, wale wale ambao kijiji kilitegemea waoe.

Sasa tuje kwenye ndoa.

Wataalamu wa idadi ya watu waliofuatilia jambo hili walianza na Ulaya, kwa sababu huko kila ndoa na kila kifo kiliandikwa. Ufaransa ilipoteza wanajeshi wapatao milioni 1.3 katika vita hivyo hivyo. Watu walidhani kizazi kizima cha wasichana wa Kifaransa kingezeeka bila kuolewa. Mwaka 1966 Louis Henry alipozihesabu ndoa zao aligundua kwamba wengi waliolewa hatimaye. Waliolewa na wanaume wadogo kuliko ambao wangewachagua zamani, wengine na wagane, wengine na wageni waliokuja kufanya kazi. Miaka mingi baadaye Ran Abramitzky na wenzake walilinganisha mikoa ya Ufaransa, wakaona kwamba palipokufa wanaume wengi zaidi, wanaume waliobaki walioa katika familia za juu kuliko zao. Uhaba uliwapandisha bei.

Hesabu iliyo nyuma ya hayo si ngumu. Fikiria eneo lenye vijana 100 wa umri wa kuoa, na wasichana 100 wanaowangoja. Vijana 10 wasirudi. Wasichana 10 wamekosa wenzi, ndivyo mtu wa haraka atakavyosema. Lakini mwanamume haoi msichana wa umri wake. Tuseme kwa desturi humzidi miaka 8. Katika jamii inayoongezeka kwa asilimia 2 kwa mwaka, kundi la wanaume walio wadogo kwa miaka 5 huwa kubwa kwa karibu asilimia 10. Wasichana wakikubali waume wa kuwazidi miaka 3 badala ya 8, pengo lote linazibika na hakuna anayebaki. Vita vinaweza kuua mmoja kati ya kumi, na baada ya muda daftari la ndoa likaonekana kama halikuguswa, ila umri wa bwana harusi umeshuka.

Hiyo ni hesabu ya Ulaya. Kwa Wadawida, yaani Wataita wa vilimani, kuna kitu kingine ndani yake, nacho ni ng'ombe.

Ndoa ya Kitaita ya wakati ule haikuwa tukio la siku moja. Ilianza na kifu, mtamba ambaye hajazaa, aliyepelekwa kwa baba wa msichana na ambaye hakugawanywa na mtu mwingine. Baada yake mahari iliendelea kulipwa polepole, mwaka hadi mwaka, hata watoto wakiwa wamezaliwa. Kijana hakuwa na ng'ombe wake mwenyewe. Alingoja baba, na baba alikuwa na wana wengine wanaongoja. Mara nyingi waliooana walitoka izanga moja, yaani bonde moja la vijiji jirani, kwa hiyo ng'ombe walizunguka kati ya vichuku, koo zilizojuana kwa vizazi. Wanaume wa bonde lile walikuwa wadeni na wadai wa wenzao, na wote walilijua deni la kila mmoja.

Mtoe kijana mmoja katika mnyororo huo uone kinachotokea. Kifu kimeshapelekwa na mtamba ameshazaa huko alikokwenda. Mchumba yuko Kariakoo na hapana habari. Je, msichana aposwe na mwingine? Akiposwa, mtamba na ndama wake warudi? Warudi kwa nani, ikiwa baba aliyewatoa ana mwana wa pili anayetaka kuoa kwa ng'ombe hao hao? Na ikiwa mwaka kesho yule aliyedhaniwa amekufa anatokea kwenye kilima akiwa amekonda, ana bakora mkononi, atakuta nini? Wazee waliokaa barazani kwa mambo kama haya hawakuwa na pa kushika. Kifo kina desturi yake, na talaka ina yake. Mtu asiyejulikana alipo hana.

Kwa mke aliyekwisha kuolewa desturi ilikuwa na jibu, lakini jibu hilo lilingoja kifo kithibitishwe. Kurithi mjane kulikuwepo Taita kama kwa majirani wengi. Ndugu wa marehemu alimchukua mke pamoja na watoto, shamba halikutoka mikononi mwa ukoo, na mahari iliyokwisha kulipwa haikupotea. Watu wa leo wanaitazama desturi hii kwa hasira, na mimi najua wanawake walioumizwa nayo. Hata hivyo lazima niseme kwamba mwaka 1917 ndiyo iliyokuwa bima pekee. Serikali iliyomchukua mume haikuwa na mpango wowote wa kumlisha mke wa mpagazi. Mishahara ya wapagazi waliokufa ilibaki bila kudaiwa, kwa kuwa majina yaliandikwa vibaya, vijiji viliandikwa vibaya, na aliyepaswa kudai hakujua kama ana haki ya kudai. Maofisa waliowasimamia wapagazi, Oscar Watkins akiwa mbele yao, walibishana na Hazina kuhusu fedha hizo kwa miaka. Familia hazikuzipata.

Mwanamke bila uthibitisho wa kifo cha mumewe alikuwa ametundikwa. Shemeji akimchukua mapema na kaka akarudi, ni fedheha na ugomvi wa maisha. Asipomchukua, nani atakayemfyekea shamba? Sheria nyingine za eneo hili zilikuwa na kipimo. Kwa Waislamu wa Voi na wa pwani mjane hukaa eda ya miezi 4 na siku 10, na kuhusu mume aliyepotea wanazuoni walitofautiana, wapo waliosema mke asubiri miaka 4 ndipo aingie eda. Sheria ya Kenya ya leo inasema mtu asiyesikika kwa miaka 7 na wale ambao wangepaswa kumsikia, achukuliwe kuwa amekufa. Mwanamke wa vilima vya Taita mwaka 1918 hakuwa na miaka 4 wala 7. Alikuwa na uvumi tu, ulioletwa na aliyemwona mwenzake ameanguka njiani Morogoro au Mahenge na hakuweza kusimama.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi ya yote. Wataita walikuwa na desturi ya kuwazika wazee wao, kisha baada ya muda kulifukua fuvu na kuliweka katika pango la ukoo, ngomenyi, pamoja na mafuvu ya waliotangulia. Mapango hayo bado yapo vilimani. Pale ndipo ukoo ulipokwenda kuzungumza na watu wake mambo yalipoharibika. Mpagazi aliyezikwa kwenye shimo la pamoja kando ya mto Rufiji hakuweza kuwa mzee wa pangoni. Alitoka katika idadi ya walio hai bila kuingia katika idadi ya wafu. Ukilielewa hilo, unaelewa kwa nini mke wake naye alikosa mahali.

Watu wa Kasigau, mlima ulio peke yake kusini mwa Voi, walipata hasara ya namna nyingine, na inafaa kuiweka kando ya ile ya wapagazi. Wajerumani waliuteka mlima huo mwaka 1915. Waingereza waliwalaumu wenyeji kwa kumsaidia adui, wakawakusanya wote, wazee, wanawake na watoto, wakawahamishia Malindi. Wengi walikufa huko kwa njaa na kwa homa za nchi ambayo miili yao haikuizoea, na waliobaki walikaa muda mrefu kabla ya kurudi kwenye mlima wao. Hapo vita havikuondoa wanaume na kuwaacha wanawake. Viliondoa nyumba nzima. Uwiano wa wake na waume pengine haukubadilika sana, lakini katika jamii ndogo ambayo ndugu wa karibu hawaoani, kila nyumba inayofutika inapunguza milango ambayo kijana anaweza kubisha hodi. Mtaalamu anayetazama uwiano peke yake atasema Kasigau haikupungukiwa kitu.

Hali kadhalika njaa. Wazee wa Taita walihesabu miaka yao kwa njaa, na kubwa kuliko zote ilikuwa Mwakisenge, karibu na 1884, ambayo iliwatawanya watu hadi kwa majirani kutafuta chakula. Njaa haichagui jinsia kama mwandikishaji wa wapagazi. Na mwisho wa vita, njaa na ugonjwa vilikuja pamoja: mvua ya 1918 haikutosha, kisha mwishoni mwa mwaka homa kali ya mafua iliyozunguka dunia ikapanda nayo gari la moshi kutoka Mombasa. Kila pahali ilipopita iliua zaidi watu wa umri wa miaka 20 hadi 40, wanaume kwa wanawake. Nikisema jambo hili huwa naona aibu kwa ubaridi wake, lakini ni kweli: sehemu ya pengo lililoachwa na Kariakoo ilisawazishwa na vifo vya wanawake waliokuwa wakingoja.

Waliobaki walioana vipi? Wadogo walijikuta mbele ya foleni. Kaka mkubwa hakurudi, ng'ombe waliowekwa kwa ajili yake wakawa wa anayemfuata, na wakati mwingine mke wake pia. Kwa kijana wa miaka 20 kupewa mke wa kaka yake na watoto watatu si bahati, hata kama kwa hesabu ya Wafaransa ameoa mapema. Wazee wenye mifugo nao walikuwa na nafasi ya kuongeza wake. Hapo ndipo watu wengi hukosea. Husema vita viliacha wanawake wengi, ndiyo maana ndoa za wake wengi zikastawi. Ndoa hizo hazisimami juu ya wingi wa wanawake. Zinasimama juu ya kuchelewa kwa wanaume. Pale msichana anapoolewa akiwa na miaka 18 na mwanamume anangoja hadi 28, wakati wowote waolewaji watawazidi waoaji, hata kama hakuna aliyekufa. Vita vilipowatoa vijana na kuwafanya wadogo zao waoe mapema, vilivuta upande huu na ule kwa pamoja. Kilichoamua ni nani aliyekuwa na ng'ombe.

Katika miaka ya 1920 jibu la swali hilo lilianza kubadilika. Mashamba makubwa ya mkonge yalienea Voi, Mwatate na Taveta, na reli iliyojengwa kupeleka wanajeshi ikapeleka vibarua. Kijana aliyelipwa kwa mwezi angeweza kununua mtamba mwenyewe bila kumngoja baba. Bill Bravman, aliyeandika historia ya jamii za Taita tangu 1800 hadi 1950, anaonyesha jinsi wazee na vijana walivyovutana katika miaka hiyo. Mimi naamini kwamba mvutano huo ulikuwa na mizizi Kariakoo. Kijana aliyekwenda na kurudi alikuwa ameona wazee wakishindwa kumzuia mwandikishaji asimchukue. Angewaombaje ruhusa ya kuoa kwa heshima ile ile?

Nchi nyingine ziliyaingiza mambo haya katika sheria. Urusi ya Stalin, baada ya kupoteza mamilioni ya wanaume, ilitunga sheria Julai 1944 iliyomwondolea mwanamume wajibu kwa mtoto wa nje ya ndoa na kufanya talaka iwe ngumu na ghali, ili watoto wazaliwe tu, wawe na baba au wasiwe naye. Rwanda baada ya 1994 ilikuwa na maelfu ya nyumba zilizoongozwa na wanawake, na mwaka 1999 ikapitisha sheria iliyompa binti haki ya kurithi sawa na ndugu yake wa kiume. Serikali mbili, msiba wa aina moja. Moja ilimfikiria mtoto ajaye, nyingine ilimfikiria mwanamke aliyebaki na shamba. Kenya ya kikoloni haikutunga lolote.

Vilipofika Vita vya Pili vya Dunia, jeshi lilikuwa limejifunza kuandika. Februari 12, 1944, siku ile ile ya Salaita miaka 28 kabla, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Walikufa watu 1,297, wakiwemo mamia ya wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Msiba ulikuwa wa dakika chache na hakuna maiti iliyorudi, lakini majina yao yaliandikwa. Mke aliweza kuambiwa siku.

Siku hizi kwenye mabaraza ya vilima na nyika bado utamsikia mwanamume akitetea mke wa pili kwa kusema wanawake ni wengi. Katika sensa ya 2019 Kaunti ya Taita Taveta ilikuwa na watu 340,671, na wanaume waliwazidi wanawake kwa takriban 6,000. Mkonge, mifugo na migodi vinaleta wanaume kutoka nje. Wanawake wengi wanaosemwa barazani ni wa miaka mingine, nadhani, au hawakuwepo kabisa.

Makaburi ya kijeshi yapo Voi, Maktau na Taveta, yamefyekwa vizuri, kila jiwe na jina lake. Wapagazi hawamo, isipokuwa wachache mno. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao Waafrika na wenyeji wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Tangu hapo watafiti wamekuwa wakifungua kumbukumbu za zamani zilizohifadhiwa Kenya, na wamepata majina zaidi ya 3,000 ya waliokufa wakitumikia.

Katika orodha kama hizo jina hufuatwa na tarehe. Iwapo siku moja litatokea humo jina la mtu aliyetoka upande wa Kishushe, vitukuu wake wataisoma tarehe hiyo kama siku aliyokufa. Ni siku hiyo pia bibi yao mkuu alipokuwa mjane, akipalilia, bila kuambiwa.